Profesa Penina Mlama na Urithi wa Utamaduni Unaoishi kwa Kutumika

KATIKA sherehe nyingi za kiserikali nchini, ratiba haikosi kipengele cha burudani. Kikundi cha ngoma hupewa dakika 10 kabla ya hotuba. Wachezaji huingia na sare zao, ngoma hulia, mgeni rasmi huinuka kutuza, kisha mshereheshaji hushika kipaza sauti na ratiba huendelea. Ni nadra kwa mtu yeyote wa meza kuu kuuliza wimbo ule ulikuwa unasema nini, ulitungwa na nani, na kwa nini mabibi waliosimama pembeni mwa turubai walicheka ulipofika kibwagizo cha pili.

Swali la namna hiyo ndilo lililoongoza kazi ya Profesa Penina Muhando Mlama kwa zaidi ya nusu karne. Wasomaji waliosoma fasihi sekondari wanamfahamu kwa jina la Penina Muhando, mwandishi wa tamthiliya za Kiswahili. Wanataaluma wanamfahamu kama Profesa Mlama wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ni mtu mmoja, na kazi zake zote, ziwe za jukwaani, darasani au kijijini, zimejengwa juu ya hoja moja: sanaa za asili za Mwafrika zilikuwa njia ya jamii kufundishana, kukosoana na kuamua mambo yake. Anayezihifadhi kwa ajili ya kuburudisha wageni pekee anahifadhi ganda na kuacha kiini kipotee.

Hoja hiyo ina uzito wa pekee katika kipindi hiki. Serikali inatekeleza Sera ya Elimu na Mafunzo ya Mwaka 2014 Toleo la 2023, pamoja na mitaala mipya iliyoanza kutumika Januari 2024. Kiswahili kimepata Siku ya Kimataifa, Julai 7, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021, na kimeridhiwa kuwa lugha ya kazi ya Umoja wa Afrika tangu mwaka 2022. Lugha inakwenda mbali. Linalobaki kutazamwa ni iwapo itakwenda ikiwa imebeba maarifa ya watu walioizungumza na ya makabila yaliyoilisha, au itakwenda mikono mitupu.

Kutoka Ukaguru hadi chuo kikuu

Penina Muhando alizaliwa mwaka 1948 huko Berega, mkoani Morogoro, katika nchi ya Wakaguru. Berega ni miongoni mwa maeneo yaliyopokea misheni ya Kianglikana tangu zamani. Mtoto aliyekulia katika mazingira hayo aliishi kati ya sauti mbili. Upande mmoja kulikuwa na shule na kanisa, ambako kwa miaka mingi ngoma na unyago vilitazamwa kwa mashaka. Upande wa pili kulikuwa na uwanja wa kijiji, ambako ngano zilitambwa usiku, na wasichana walifunzwa utu uzima kwa nyimbo na mafumbo.

Tanganyika ilipokuwa Jamhuri mwezi Desemba 1962, Rais Julius Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akieleza kuwa ukoloni ulikuwa umewafanya Waafrika waone aibu kwa ngoma zao wenyewe. Kizazi cha Muhando ndicho kilichokabidhiwa kazi ya kuitafsiri kauli hiyo katika vitabu, madarasa na majukwaa. Alisoma Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka iliyofuata Azimio la Arusha la mwaka 1967, wakati sanaa za maonyesho zilipokuwa zikianza kufundishwa hapo kama taaluma, na baadaye akawa mwalimu katika chuo hichohicho.

Jambo la kwanza alilolifanya kama mtafiti lilikuwa kurudi nyumbani. Mwaka 1981 alichapisha katika jarida la kimataifa la sanaa za maonyesho makala kuhusu digubi, sanaa ya Wakaguru inayofungamana na unyago wa wasichana. Mwaka 1983 alikamilisha shahada ya uzamivu kwa tasnifu iliyochunguza sanaa za maonyesho za jadi za Tanzania kama taasisi ya kufundishia, akitumia sanaa za Wakaguru kuwa mfano wake.

Neno la kuzingatia hapo ni taasisi. Wageni wengi walioandika kuhusu ngoma za Afrika waliziorodhesha kama mila: mavazi haya, ala hizi, hatua hizi. Mlama aliziangalia kama mfumo wa elimu wenye walimu wake, mada zake, mbinu zake za kufundishia na namna yake ya kupima kama mwanafunzi ameelewa. Kungwi anapomwimbia mwali fumbo, kisha akamtaka alifumbue kwa kuigiza, anafanya kile ambacho mwalimu wa leo anahimizwa kukifanya: kumfanya mwanafunzi ajifunze kwa kutenda. Mtazamo huo ulibadilisha maana ya kuhifadhi. Mtu hahifadhi shule kwa kuweka madawati yake katika makumbusho. Huihifadhi kwa kuhakikisha inaendelea kufundisha.

Kalamu ya Kiswahili

Kabla ya utafiti huo, Muhando alikuwa tayari amejipatia nafasi katika fasihi. Kati ya mwaka 1972 na 1976 alitoa tamthiliya tano: Hatia, Tambueni Haki Zetu, Heshima Yangu, Pambo na Talaka si Mke Wangu. Zote ziliandikwa kwa Kiswahili. Kwa mwandishi aliyepata elimu ya juu wakati ule, huo haukuwa uamuzi mwepesi. Waandishi wengi wa Afrika waliosifiwa duniani waliandika kwa Kiingereza au Kifaransa. Tamthiliya ya Kigikuyu ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, iliyoigizwa Kamiriithu nchini Kenya na kuuamsha upya mjadala wa lugha barani Afrika, ilikuja mwaka 1977. Kufikia hapo Muhando alikuwa na vitabu vitano vya Kiswahili vilivyokwisha chapishwa.

Mwaka 1976 pia, yeye na Ndyanao Balisidya, mwandishi wa riwaya ya Shida, walichapisha Fasihi na Sanaa za Maonyesho. Kitabu hicho kiliwapa walimu na wanafunzi wa Kiswahili istilahi na uchambuzi wa fasihi simulizi na maonyesho ya jadi kwa lugha wanayoielewa. Umuhimu wake unaonekana zaidi ukikumbuka kwamba taaluma ya tamthiliya ilikuwa ikifundishwa kwa mifano ya Ugiriki ya kale na Uingereza. Wanawake wawili wa Kitanzania walikaa chini na kusema kwamba ngano, majigambo, utani na ngoma navyo vina kanuni zinazoweza kuchambuliwa kwa umakini uleule.

Uchaguzi wa lugha ulikuwa na gharama. Tamthiliya iliyoandikwa kwa Kiswahili ilisomwa Dar es Salaam, Nairobi na Zanzibar, lakini haikuingia kwa urahisi katika mijadala ya vyuo vya Ulaya na Marekani, ambako sifa za mwandishi wa Kiafrika zilikuwa zikigawiwa. Mwaka 1990 Mlama aliandika kuhusu changamoto za mwandishi wa Kiafrika anayetunga kwa lugha yake mwenyewe. Pamoja na gharama hiyo, hakubadili msimamo. Mtazamaji aliyemlenga alikuwa mkulima, mama lishe na mwanafunzi wa Tanzania, na mtu huyo hakuhitaji mkalimani ili aelewe habari zake mwenyewe.

Ngano inapopanda jukwaani

Muhando hakuishia kuzichambua sanaa za jadi. Alizitumia kama nyenzo za kutungia. Mfano ulio wazi ni Nguzo Mama, tamthiliya iliyotoka mwaka 1982. Kisa chake ni chepesi kukisimulia. Katika kijiji cha Patata, wanawake wanakusanyika kuisimamisha nguzo iitwayo Nguzo Mama. Wanaleta nguvu, wanapanga, wanaanza, wanashindwa, wanarudia. Mmoja anaitwa na mumewe, mwingine ana biashara yake, wengine wanagombana, na mjane anaporwa mali na ndugu wa marehemu. Mpaka mwisho nguzo haisimami.

Anayetuongoza katika kisa hicho ni Bi Msimulizi, mtambaji wa hadithi kama wale wa kando ya moto. Anazungumza na watazamaji, anaingia katika tukio na kutoka, anaimba na kuwaimbisha. Katika utambaji wa jadi, msimulizi husema “paukwa” na wasikilizaji hujibu “pakawa”; jibu hilo ni ahadi kwamba wao ni sehemu ya hadithi na watawajibika nayo. Muhando aliipandisha ahadi hiyo jukwaani. Mtazamaji wa Nguzo Mama haondoki na suluhisho lililofungwa kama zawadi. Anaondoka akijua kuwa nguzo ingali chini, na kwamba kuisimamisha ni kazi ya walioketi vitini.

Ndivyo ilivyo pia katika Lina Ubani, iliyochapishwa mwaka 1984. Taifa lilikuwa limetoka katika Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, bidhaa zilikuwa adimu, na mwaka 1983 Serikali ilikuwa imeendesha kampeni dhidi ya wahujumu uchumi. Waswahili husema la kuvunda halina ubani. Kwa kuondoa silabi moja tu ya kukanusha, mwandishi aliugeuza msemo wa kukata tamaa ukawa kauli ya matumaini: lililovunda lina ubani, mradi watu wakubali kuutafuta. Hapo methali haikunukuliwa kama pambo la lugha. Ilibishiwa, kama wazee wanavyobishana kwa methali barazani, na katika ubishi huo ikapata uhai mpya.

Katika kipindi hichohicho, Muhando, Amandina Lihamba na Ndyanao Balisidya walishirikiana kuandika Harakati za Ukombozi, tamthiliya inayofuatilia mapambano ya taifa kutoka enzi za ukoloni hadi baada ya uhuru. Yeye na wenzake wa chuo kikuu walikuwa pia katika kikundi cha maonyesho cha Paukwa, ambacho jina lake linatosha kueleza kilikochota mbinu zake. Mwaka 1989 ikafuata Mitumba Ndui, wakati milango ya biashara ilipokuwa ikifunguliwa na nchi ikikabiliana na masharti ya wakopeshaji. Kila mara mwandishi alichukua umbo la zamani na kulipa swali la siku hiyo.

Urithi unaokubali kuhojiwa

Kuna hatari katika mjadala wa utamaduni ambayo kazi za Mlama zinasaidia kuiepuka. Wapo wanaodhani kuulinda urithi ni kuukubali wote, pamoja na yanayomuumiza mwanamke na mtoto. Wapo wengine wanaodhani kuyakataa hayo ni kuukataa urithi wote. Mwandishi huyu hakujiunga na upande wowote kati ya hizo mbili. Aliyezichambua sanaa za unyago kwa heshima ya kitaaluma ndiye aliyeonyesha jukwaani namna mila za ndoa na mirathi zinavyoweza kumnyang'anya mjane nyumba yake.

Alichofanya ni kutenganisha chombo na ujumbe. Wimbo wa unyago unaweza kumfundisha msichana unyonge, lakini wimbo huohuo, kwa mdundo uleule na mpokezano uleule, unaweza kumfundisha kusema hapana. Kilichobuniwa na wahenga na kinachostahili kulindwa kwa nguvu zote ni uwezo wa jamii kufikiri kwa pamoja kupitia sanaa. Yaliyomo hubadilika kila kizazi, na yamekuwa yakibadilika siku zote. Hata wakati wa wahenga, manju aliyerudia nyimbo za mwaka jana alizomewa.

Mtazamo huu unaendana na Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2003 wa Kulinda Urithi wa Utamaduni Usioshikika, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 2011. Mkataba huo unautambua urithi kuwa ni kitu kinachorithishwa kizazi hadi kizazi na kubuniwa upya kila wakati na wenyewe. Kurekodi ngoma katika kanda ni jambo jema na la haraka, kwa kuwa wazee wanaondoka. Hata hivyo, ngoma iliyobaki katika kanda pekee, bila kijana mmoja anayeweza kuitungia wimbo mpya, inakuwa kumbukumbu ya kitu kilichokufa.

Wanakijiji wa Malya wachukua jukwaa

Kufikia miaka ya mwanzo ya 1980, Mlama na wenzake walikuwa wameanza kujiuliza swali gumu zaidi. Tamthiliya zao ziliandikwa kwa Kiswahili na zilitumia mbinu za jadi, lakini ziliigizwa zaidi katika kumbi za mjini na kusomwa zaidi na wanafunzi. Mwanakijiji ambaye sanaa hiyo ilichotwa kwake alikuwa amebaki msikilizaji, kama alikuwepo kabisa.

Jibu lao lilikuwa sanaa ya maonyesho kwa maendeleo. Kati ya mwaka 1982 na 1983 walifanya kazi hiyo katika kijiji cha Malya, mkoani Mwanza, na baadaye katika vijiji vingine, vikiwemo Msoga mkoani Pwani na Mkambalani mkoani Morogoro. Utaratibu wake ulikuwa wa hatua. Kwanza, wataalamu waliishi na wanakijiji na kukusanya taarifa pamoja nao. Pili, wanakijiji wenyewe walichambua matatizo yao na kuchagua lililo kubwa. Tatu, walilitungia onyesho kwa sanaa wanazozimudu, bila kuletewa andiko kutoka mjini. Nne, onyesho lilifuatiwa na mjadala wa hadhara. Mwisho, kijiji kiliamua hatua za kuchukua na kuzifuatilia.

Huko Malya, matatizo yaliyoibuliwa yaligusa maisha ya vijana, zikiwemo mimba za wasichana wa shule. Ni jambo ambalo mkutano wa kawaida wa hadhara ungelizungumza kwa shida, wazee wakiwa upande huu na vijana upande ule, kila mmoja akilinda heshima yake. Lakini Usukumani ni nchi yenye sanaa za kusemea mambo mazito. Kuna bugobogobo inayochezwa kwa majembe, na kuna wigashe inayoimbwa watu wakiwa wameketi, maneno yakisikika vizuri. Jambo lisilosemeka kwa maneno makavu husemeka kwa wimbo, kwa sababu anayeimba amepewa ruhusa na ngoma.

Uzoefu huo aliuweka katika kitabu chake cha Kiingereza kuhusu utamaduni na maendeleo, kilichochapishwa nchini Sweden mwaka 1991. Alieleza kuwa mipango mingi ya maendeleo barani Afrika inakwama kwa sababu inamfikia mwananchi kama amri kutoka juu, na utamaduni wake unaitwa tu pale ujumbe ulioandikwa tayari unapohitaji kupambwa kwa wimbo.

Uchambuzi huo unawahusu moja kwa moja watumishi wa umma, hasa wa mawasiliano. Kampeni za afya, mazingira, lishe na kilimo hutumia vikundi vya ngoma na kwaya mara kwa mara. Mara nyingi kikundi hupewa ujumbe, hutunga beti za kuusifu, huimba na kulipwa. Taarifa imekwenda upande mmoja. Mfumo wa Malya ulikuwa na njia mbili: kijiji kilizungumza kwanza, na aliyetoka ofisini alilazimika kusikiliza. Watendaji watakaoutumia urithi kwa namna hiyo watapata kitu ambacho dodoso mara nyingi halikipati, yaani maoni ya mwananchi kwa lugha anayoiamini na mbele ya jirani zake wanaoweza kumsahihisha.

Wasichana wasema

Mwaka 1996, mbinu ileile iliingia shuleni kupitia mradi wa TUSEME, ulioanzishwa na wataalamu wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Mlama na Lihamba wakiwa mstari wa mbele, kwa ushirikiano na Jukwaa la Wanaelimu Wanawake wa Afrika, FAWE. Wasichana wa sekondari walipewa nafasi ya kubaini wenyewe yanayokwamisha masomo yao, kuyachambua, kuyaigiza mbele ya walimu, wavulana na wazazi, kisha kudai hatua. Katika jamii nyingi msichana mwema alifundishwa kunyamaza. Jina la mradi lenyewe lilikuwa jibu.

Mlama aliongoza FAWE akiwa Mkurugenzi Mtendaji jijini Nairobi, na TUSEME ikasambaa katika nchi nyingine za Afrika. Hapa nchini, klabu za TUSEME zimekuwa jina la kawaida katika shule nyingi. Ukizifuatilia hatua zake moja baada ya nyingine, utakuta ni zilezile za Malya. Ukizifuatilia hatua za Malya, utarudi hadi uwanja wa Ukaguru, kwa mwali na fumbo lake. Mbinu ya kufundishia iliyotazamwa kwa mashaka na wamisionari ilikuwa imezunguka bara zima ikiwa imevaa sare ya shule.

Wapo wasichana wengi ambao sauti zao ziliendelea kukosa msikilizaji kwa muda mrefu baada ya hapo. Tatizo la mimba shuleni, ambalo wanakijiji wa Malya walilijadili kwa sanaa mwanzoni mwa miaka ya 1980, lilipata uamuzi muhimu wa kisera Novemba 2021, Serikali iliporuhusu wanafunzi waliokatiza masomo kwa sababu mbalimbali, wakiwemo waliopata ujauzito, kurejea shuleni. Miaka inayokaribia 40 kati ya matukio hayo mawili inaonyesha ni kiasi gani jamii inaweza kuwa mbele ya mipango, iwapo kuna chombo cha kuifanya isikike.

Tuzo, shule na kazi iliyobaki

Baada ya kurejea nchini, Profesa Mlama aliendelea kushika dhamana za kitaifa. Alipokea kutoka kwa Profesa Issa Shivji Kigoda cha Mwalimu Nyerere katika Taaluma za Umajumui wa Afrika, kilicho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Aidha, ameongoza Kamati ya Kitaifa ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, iliyotolewa kwa mara ya kwanza Aprili 13, 2023, siku ya kumbukumbu ya kuzaliwa kwa Baba wa Taifa. Chini ya utaratibu wa tuzo hiyo, Serikali haimpi mshindi fedha pekee. Hugharamia pia uchapishaji wa andiko lake na usambazaji wake shuleni. Kwa mwandishi aliyeanza kazi wakati wa shida ya karatasi na wachapishaji wachache, kipengele hicho cha pili pengine ndicho kizito zaidi, kwa kuwa kinampatia kijana wasomaji.

Mitaala mipya nayo imefungua mlango. Somo la Sanaa na Michezo katika elimu ya msingi linampa mwalimu nafasi ya kuleta ngoma, ngano na michezo ya watoto darasani. Mfuko wa Utamaduni na Sanaa unawawezesha wasanii kwa mikopo. Halmashauri zina maafisa utamaduni wanaovijua vikundi vya maeneo yao kwa majina. Vyombo vipo. Changamoto ni namna ya kuvitumia ili visirudie kosa la kugeuza urithi kuwa pambo.

Kwa mwalimu, njia rahisi ni kumwalika mtambaji au manju wa kijiji afundishe, kisha kuwataka wanafunzi watunge wimbo wao kwa mdundo uleule kuhusu jambo linalowasumbua shuleni. Kwa afisa utamaduni, sajili ya vikundi inakuwa na manufaa zaidi ikieleza pia kila ngoma ilikuwa ikitumika lini, ikifundisha nini, na ni nani bado anaweza kuifundisha. Kwa wachapishaji na maktaba, baadhi ya tamthiliya za Muhando za miaka ya 1970 ni adimu kuzipata, na kuzichapisha upya ni sehemu ya uhifadhi kama ilivyo kukarabati jengo la kale. Kwa wanaoandaa kampeni za umma, bajeti ya kikundi cha sanaa iwe na siku za kusikiliza kabla ya siku ya kuimba.

Hata ratiba ya sherehe inaweza kuanza kubadilika bila gharama. Kikundi kinapomaliza kucheza, mshereheshaji anaweza kumkabidhi kiongozi wa ngoma kipaza sauti kwa dakika 2 aeleze wimbo umesema nini na unamlenga nani. Mgeni rasmi atajua ameimbiwa jambo gani, na katika hotuba yake atakuwa na la kujibu.